Rejeta Ndani ya Kompyuta: Uhakiki wa Istilahi za Kupoza Mashine kwa Maji katika Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi za Kiswahili zinazohusu kupoza kompyuta kwa maji. Kielelezo chake ni mfumo wa gharama ndogo ambao mkazi wa Mwanza anaweza kuuunda kwa vifaa vya gari, vya tangi la samaki na vya dukani. Hoja kuu ni kwamba vigezo vilivyozoeleka vya kupima istilahi havitoshi katika nyanja za ufundi. Vinahitaji kuongezewa kigezo cha kinga, yaani kiwango ambacho istilahi inamzuia mtumiaji asiharibu kifaa, asipoteze fedha wala asijidhuru. Uchambuzi unaonesha kwamba lugha ya gereji na ya mwaloni ina msamiati hai na wenye mfumo kuhusu joto, maji na mzunguko, na kwamba msamiati huo unastahili kuwa chanzo cha kwanza cha istilahi. Hata hivyo, msamiati huo nao una mitego, hususani katika maneno baridi, joto, kutu, pampu na maji ya betri. Makala inapendekeza istilahi chache na namna ya kuzifasili.

Maneno makuu: istilahi, lugha ya mafundi, upozaji, kigezo cha kinga, Kanda ya Ziwa

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi na teknolojia katika Kiswahili umeendelea kwa miongo mingi. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya kiufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Mwaka 1992 Tumbo-Masabo na Mwansoko walitoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili, kitabu ambacho hadi leo kinatajwa katika tasnifu nyingi za uwanja huu. Kwa upande wake, Kiingi, mwanaistilahi wa Uganda, alipendekeza vigezo vinavyojulikana kwa kifupi cha PEGITOSCA, ambavyo ndani yake mna usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu, uthabiti na ukubalifu. Kwa vigezo hivyo mhakiki anaweza kuuliza kama neno ni fupi, kama linaeleweka, kama linazaa maneno mengine na kama watu wamelikubali.

Maswali hayo ni ya lazima, lakini yote yanaitazama lugha. Swali moja linabaki bila kuulizwa: mtu akilifuata neno hili akiwa na bisibisi mkononi, nini kitampata? Katika isimu au fasihi swali hilo lina uzito mdogo, kwa kuwa anayekosea istilahi ya mofimu hapotezi zaidi ya alama za mtihani. Katika ufundi hali ni tofauti. Neno lililokaa vibaya huweza kuunguza kifaa ambacho mwenyewe alikipata kwa akiba ya miezi mingi.

Makala hii inalijibu swali hilo kwa kuchunguza kitu kimoja kidogo, yaani mfumo wa kupoza kompyuta kwa maji uliotengenezwa na mtu mwenye fedha chache. Kitu hiki kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, kinakutanisha taaluma ambazo kwa kawaida haziketi meza moja: kompyuta, umakanika wa magari na maarifa ya vyombo vya majini. Pili, ufinyu wa bajeti unalipa kila neno thamani yake halisi. Mwenye fedha akinunua kifaa kisicho sahihi atanunua kingine. Asiye nazo hana fursa ya kukosea mara mbili. Uhakiki huu haudai kuwa ripoti ya uwandani. Data zake ni maneno ambayo msemaji wa Kiswahili cha Tanzania aliyewahi kusimama gereji, sokoni au mwaloni atayatambua, na kipimo chake ni namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi.

2. Kitu kinachotajwa

Kabla ya kuhakiki jina, ni sharti kukifahamu kitu. Prosesa ya kompyuta hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa hupunguza mwendo ili kujilinda, na hatimaye kompyuta hujizima. Katika kompyuta nyingi joto huondolewa na bamba la metali lenye mapezi pamoja na feni. Mfumo wa maji hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia ndefu zaidi. Juu ya prosesa hubanwa bamba la shaba nyekundu lenye mifereji ndani, na kati ya bamba na prosesa hupakwa tabaka jembamba la pesti ya kupitishia joto. Pampu husukuma maji yapite katika mifereji hiyo. Maji hupokea joto na kulipeleka kwenye rejeta kwa kupitia mipira. Feni hupuliza rejeta, joto likaingia katika hewa ya chumba. Maji hurudi kwenye tangi dogo na kuanza safari upya.

Faida ya maji ni uwezo wake wa kubeba. Kwa kila nyuzi moja ya kupanda, lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lile linalobebwa na lita moja ya hewa. Prosesa inayotoa wati 100, ikipozwa kwa maji yanayopita lita moja kwa dakika, huyapandisha maji hayo takribani nyuzi 1.4 tu za Selsiasi kila yanapoipitia. Wala si maarifa mapya: IBM ilipoza kwa maji baadhi ya kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960.

Mwenye fedha hununua seti kamili iliyotengenezwa ng'ambo. Asiye nazo huangalia kilichopo. Rejeta ndogo ya hita ya gari hupatikana kwa wauza spea zilizotumika. Pampu inaweza kuwa ya tangi la samaki wa mapambo. Mipira huuzwa kwa mita madukani, na chombo chochote cha plastiki chenye mfuniko imara huweza kuwa tangi. Bamba la shaba ndilo lenye ugumu, kwa kuwa linahitaji fundi wa kukereza metali. Mfumo ukishaungwa, huachwa uzungushe maji kwa saa 24 nje ya kompyuta, karatasi kavu zikiwa zimetandazwa chini ya kila kiungo, ili mahali panapovuja pajulikane mapema. Ni haki kuongeza kwamba mara nyingi kompyuta inayopata moto hukosa tu kusafishwa vumbi na kubadilishiwa pesti. Mfumo wa maji unafaa pale hatua hizo zinaposhindwa kutosha.

3. Kioo na tumbo: njia mbili za kuingia kwa istilahi

Istilahi za kompyuta na istilahi za injini ziliingia katika Kiswahili cha Tanzania kwa njia tofauti, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kwa miaka kadhaa kifaa hicho kikabaki kuwa kitu cha kusikika zaidi kuliko kushikwa. Kompyuta zilipoenea, kazi kubwa ya kuzipa Kiswahili ilihusu kile kinachoonekana kwenye kioo. Mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zilizoitwa Jambo OpenOffice, na kwa kazi za aina hiyo tumezoea maneno kama faili, hariri, hifadhi na chapisha. Hii ilikuwa hatua kubwa na haipaswi kubezwa. Hata hivyo, ilikuwa hatua ya kioo. Tumbo la kompyuta, yaani mapezi, skrubu, pesti na mipira, liliachwa kwa fundi, naye akalitaja kwa maneno aliyokuwa nayo.

Msamiati wa injini una historia nyingine. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, meli zikaunganisha bandari za ziwa, malori na magari yakafuata, na baadaye injini zikafungwa kwenye mitumbwi ya wavuvi. Maneno rejeta, pampu, feni, injini na gereji yaliingia mikononi kabla ya kuingia vitabuni. Aliyeyatumia alikuwa akigusa kitu chenyewe, na kama neno lilimpotosha, injini ilimjulisha siku hiyo hiyo.

Hapa ndipo utaratibu uliozoeleka wa kutafuta istilahi unapohitaji kusomwa upya. Utaratibu huo unaelekeza kuanza na Kiswahili na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Mtu anayeufuata kwa asili ya neno ataliweka rejeta katika kapu la mwisho, kwa kuwa limetoholewa kutoka Kiingereza. Lakini rejeta lina wingi wake, lina vitenzi vinavyoandamana nalo, na linatumiwa na watu wasiojua neno lolote la Kiingereza. Kwa hiyo ni Kiswahili, na mahali pake ni katika chanzo cha kwanza. Reuster-Jahn na Kießling (2006), katika kazi yao kuhusu lugha ya mitaani nchini Tanzania, walionesha namna wasemaji wanavyounda na kusambaza maneno bila kusubiri kamati. Lugha ya mafundi ni jirani wa lugha hiyo, lakini ina jambo la ziada: neno lake hujaribiwa na kitu.

4. Uwezo wa lugha ya gereji na ya mwaloni

Msamiati wa gereji si mkusanyo wa majina tu. Una dhana ndani yake. Gari likizidiwa na joto, dereva wa Mwanza husema limechemsha. Kitenzi hicho hicho, kikielekezwa kwa mtu, humaanisha ameshindwa au ameharibu kazi: mwanafunzi aliyefeli mtihani amechemsha. Kinyume chake ni poa, neno ambalo limekuwa jibu la salamu. Joto lililozidi ni kushindwa, na kupoa ni hali njema. Kwa hiyo kompyuta inayojizima kwa joto haihitaji maelezo marefu. Imechemsha, na kila asikiaye anajua kwamba dawa iko katika maji, feni au vyote viwili.

Kitenzi poza kina utajiri zaidi. Mtu hupoza chai, hupoza maumivu, hupoza hasira. Tanzania nzima inajua kituo cha kupoza umeme, mahali ambapo umeme wa msongo mkubwa hushushwa ili ufae kusambazwa. Katika matumizi yote hayo maana ya msingi ni kupunguza ukali wa kitu hadi kitumike kwa salama. Haimo maana ya kukifanya kiwe baridi kama barafu. Kwa kipimo cha fizikia, hiyo ndiyo kazi hasa ya mfumo wa maji katika kompyuta: kupunguza ukali wa joto mahali pamoja kwa kulihamisha hadi mahali pengine. Istilahi kupoza, kwa hiyo, inashinda kwa usahihi na kwa uangavu. Tahadhari pekee ni ya tahajia, kwani wapo wanaoandika kupooza, na neno hilo humaanisha pia kulemaa. Maandishi ya kitaaluma yashike poza, upozaji na kipozaji bila kuyumba.

Mwalo nao una mchango wake. Injini ya kufunga nyuma ya mtumbwi huvuta maji ya ziwa, huyapitisha mwilini mwake na kuyarudisha ziwani, na mkondo mwembamba unaoruka pembeni humwonesha mvuvi kwamba maji yanapita. Mkondo ukikatika, mvuvi huzima injini kabla haijaungua. Gari hufanya vingine: maji yale yale huzunguka kati ya injini na rejeta, wala hayatoki nje. Mtu wa ukanda wa ziwa, kwa hiyo, anazifahamu aina mbili za upozaji ambazo kitabu cha kiada kingehitaji ukurasa kuzieleza. Makala hii inapendekeza ziitwe upozaji wa maji ya kupita na upozaji wa maji ya kuzunguka. Kompyuta hupozwa kwa maji ya kuzunguka. Maji ya ziwa yenye mwani, chumvichumvi na takataka yangeziba mifereji ya bamba ambayo upana wake ni wa milimita moja au chini yake. Nayo injini ya mtumbwi, yenye njia pana, huyastahimili.

Kuna pia neno la zamani ambalo lingefaa kurejeshwa kazini. Fukuto ni joto la hewa iliyokosa mahali pa kutokea. Ndani ya kasha la kompyuta lililobanwa ukutani, feni huizungusha hewa ile ile ya moto, na hiyo ndiyo fukuto halisi. Anayeambiwa kwamba kompyuta yake ina fukuto ataanza kwa kulisogeza kasha na kufungua njia ya hewa, jambo lisilogharimu hata shilingi moja.

5. Mitego ya lugha hiyo

Ingekuwa uhakiki wa upande mmoja kuusifu msamiati wa mafundi bila kuonesha unapomwangusha mtumiaji wake. Mitego mitano inastahili kuchambuliwa.

Mtego wa kwanza ni baridi. Husemwa kwamba friji haitoi baridi, au kwamba kiyoyozi kinatoa baridi. Usemi huo huifanya baridi kuwa kitu kinachotengenezwa na kumiminwa. Kwa friji hauna madhara. Ukihamishiwa kwenye mfumo wa maji, humfanya mtu atarajie kwamba maji yataishusha prosesa chini ya nyuzi za chumba, jambo lisilowezekana, kwa kuwa rejeta hutoa joto kwa hewa ile ile ya chumba. Asipoiona baridi aliyoitarajia, ataongeza rejeta ya pili, au ataweka barafu kwenye tangi. Barafu hufanya mipira na bamba vitoe jasho, kama itoavyo jasho chupa ya soda, na jasho hilo likidondokea saketi huiharibu. Kosa halikuanzia mkononi. Lilianzia katika nomino.

Mtego wa pili ni joto, neno linalobeba dhana mbili. Fizikia ya Kiswahili imezitenganisha kwa muda mrefu: joto ni nishati, halijoto ni kiwango kinachosomwa na kipimajoto. Katika mazungumzo ya kawaida joto hutumika kwa zote mbili. Kwa anayepika, hilo halina madhara. Kwa anayeunda mfumo wa maji, ndilo kosa la msingi. Kompyuta mbili zinaweza kuwa na halijoto moja ya prosesa, moja ikitoa wati 35 na nyingine wati 120; rejeta inayoitosha ya kwanza haiwezi kuitosha ya pili. Anayenunua rejeta kwa kuangalia nyuzi peke yake amenunua kwa kubahatisha. Hapa istilahi ya wasomi, halijoto, ndiyo yenye kinga, na lugha ya gereji inapaswa kujifunza kutoka darasani.

Mtego wa tatu ni kutu. Kutu katika mawazo ya wengi ni ule unga mwekundu wa chuma. Sufuria ya alumini haina unga huo, kwa hiyo alumini huhesabiwa kuwa metali isiyoshika kutu. Rejeta nyingi za hita za magari ya karibuni ni za alumini, ilhali bamba la juu ya prosesa ni la shaba nyekundu. Metali hizi mbili zikikutana katika maji mamoja, shaba huifanya alumini ilike, taratibu, mpaka rejeta itoboke. Maji yaliyoyeyushiwa chumvi huharakisha mchakato huo. Maji yaliyotoneshwa huuchelewesha kwa muda tu. Dawa ya rejeta iliyotengenezewa magari huupunguza, lakini aina nyingi za dawa hiyo ni sumu kwa watoto na wanyama. Njia ya salama zaidi ni kutafuta rejeta ya zamani ya shaba, ambayo hutambulika kwa kukwaruza pembeni: ikionesha wekundu au unjano ni ya familia ya shaba, ikionesha weupe ni alumini. Aliyeambiwa "angalia isiwe na kutu" ataikagua rejeta ya alumini, ataiona safi na atainunua. Aliyeambiwa kwamba shaba huila alumini atauliza swali lililo sahihi. Kitenzi kula na mnyambuliko wake kulika tayari vimo katika lugha, na ulikaji unafaa kuwa istilahi pana ambayo kutu ni aina yake moja.

Mtego wa nne ni pampu. Jina hili halisemi kitu kuhusu muda wa kufanya kazi. Pampu ya kunyunyizia kioo cha gari ni ndogo, ni rahisi kupatikana, na hutumia volti 12 kama zilizopo katika kompyuta. Kwa sababu hizo huonekana kuwa chaguo bora kwa mwenye fedha chache. Lakini imetengenezwa ifanye kazi kwa sekunde chache kila mara, na ikiachwa izunguke mfululizo huungua, prosesa ikabaki na maji yaliyosimama. Pampu ya tangi la samaki, kinyume chake, imetengenezwa ifanye kazi usiku na mchana. Kiswahili kina njia nyepesi ya kuzitofautisha: pampu ya mfululizo na pampu ya vipindi.

Mtego wa tano ndio wenye hatari kubwa zaidi. Maji yanayofaa mfumo huu ni yale yaliyotoneshwa, na mahali pa kuyapata kwa bei nafuu ni kwa wauza vifaa vya magari, ambako huombwa kwa jina la maji ya betri. Jina hilo kwa umbo lake halitenganishi maji ya kuongezea betri na tindikali iliyomo ndani ya betri. Yote mawili ni maji yaliyo ya betri. Fundi mzoefu hutofautisha kwa muktadha na kwa chombo. Mwanafunzi wa kompyuta ambaye hajawahi kufungua betri ya gari hana muktadha huo. Kwa kigezo cha ukubalifu, jina hili lina alama zote. Kwa kigezo cha kinga, halifai kuandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo bila maelezo. Maji yaliyotoneshwa ni refu zaidi, na ni afadhali urefu huo kuliko kidonda.

6. Kupima tafsiri sisisi kwa kigezo cha kinga

Sehemu muhimu kuliko zote, bamba la shaba lenye mifereji, haina jina lililozoeleka. Mtu akitafsiri jina lake la Kiingereza neno kwa neno, huenda akapata kizuizi cha maji. Kwa Kiswahili maana yake ni kitu kinachozuia maji yasipite, kinyume kabisa cha kazi ya kifaa. Tafsiri sisisi hapa inazalisha jina linaloagiza kosa: anayelisikia anaweza kudhani kwamba kifaa hicho huwekwa ili maji yasiifikie prosesa.

Lugha inayo njia yake. Kipimajoto kimekubalika kote, na muundo wake ni wazi: kiambishi ki-, kitenzi, kisha nomino. Kwa muundo huo huo tunapata kipokeajoto, yaani kifaa kinachopokea joto la prosesa na kulikabidhi kwa maji. Neno ni jepesi, linaeleza kazi na linazaa wenzake. Hata hivyo, rejeta isibadilishwe kuwa kitoajoto kwa sababu tu ya kutafuta ulinganifu. Rejeta linaishi, na anayekwenda dukani kuulizia kitoajoto atarudi mikono mitupu. Kinga ni pamoja na kumwezesha mnunuzi kueleweka sokoni.

Inawezekana kupinga kwamba jina halilazimiki kubeba maonyo yote, na kwamba kamusi si mwongozo wa fundi. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna lugha inayoweza kutia maarifa yote ya kitu katika jina lake. Jibu la makala hii ni kwamba jina na fasili hugawana mzigo. Pale ambapo jina limekwisha kukubalika na haliwezi kubadilishwa, kama pampu, fasili ndiyo iseme muda wa kazi. Pale ambapo jina bado halijakaa, kama kwa bamba la shaba, jina lenyewe lichaguliwe kwa kuangalia kosa linaloweza kulizaa. Na pale ambapo jina lililokubalika lina hatari, kama maji ya betri, kamusi iliingize kwa kuwa linatumika, iwekee maana zake mbili kwa namba tofauti, na imwelekeze msomaji kwenye jina salama.

7. Hitimisho

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia na kujifunzia katika ngazi zote za elimu na mafunzo. Tamko la aina hiyo hutekelezwa au hukwama katika mambo madogo kama yaliyochambuliwa hapa. Uhakiki umeonesha kwamba hakuna upande mmoja wenye istilahi zote. Gereji ina rejeta, chemsha na mzunguko. Mwalo una tofauti ya maji ya kupita na maji ya kuzunguka. Darasa lina halijoto na kipimajoto. Lugha ya zamani ina fukuto. Kila upande una kitu ambacho mwingine haunacho, na kila upande una neno linaloweza kumgharimu mtumiaji.

Kwa hiyo makala inapendekeza mambo mawili ya kiutendaji. Kwanza, istilahi za ufundi zinapokusanywa, kazi ianze kwenye kifaa kilichofunguliwa mezani, sehemu baada ya sehemu, mbele ya fundi wa magari, fundi wa kompyuta na mwalimu wa fizikia, kabla ya kuangaliwa orodha yoyote ya Kiingereza. Pili, kila istilahi iliyopendekezwa isomwe kwa mtu asiyekijua kifaa, kisha aulizwe angefanya nini baada ya kuisikia. Jibu lake likiwa ni tendo linaloharibu, istilahi irudishwe, hata kama ni fupi, angavu na yenye uzalishi. Utafiti zaidi unahitajika ili kuona kama kigezo cha kinga kinafanya kazi vivyo hivyo katika nyanja nyingine zenye hatari, kama vile umeme wa majumbani, dawa za mifugo na viuatilifu vya mashambani.